Rangi ya Kopo la Mafuta

Kule Uvira nilikuwa fundi wa ghala la baridi la samaki, na nilijiona fundi kweli. Vita ilipotufukuza nilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, bila spana hata moja, lakini majivuno nilivuka nayo mipaka yote.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza ziliharibikia njiani. Mkunga wa kambini, mama Mrundi asiye na maneno mengi, aliniambia mtoto amekaa vibaya, lazima azaliwe karibu na hospitali kubwa ya Lilongwe. Kwa gari si mbali. Sisi tulikuwa na miguu, na kabaza, baiskeli ya kukodi, ya kutufikisha barabarani.

Ndipo nikasikia kuna ghala la nyama kule Area 25, mtaa wa Lilongwe, ambalo kompresa yake inatafuna mipira kila wiki. Msimamizi, Mmalawi mpole, alinipa sharti moja: mashine ikitembea siku tatu mfululizo, nitapata kazi na chumba nyuma ya ghala. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Mota ilizungusha kompresa shafti kwa shafti, katikati kapulingi yenye mipira, ndiyo inayoziunganisha. Msimamizi alitaka tuweke ile ya chuma kitupu, isiyo na cha kutafunwa. Nikakataa. Chuma kwa chuma hakisamehe: shafti zikipishana kidogo tu, bering zinakufa. Nikakata mipira mipya kwenye tairi la lori, kisha nikalaza rula juu ya sahani mbili za kapulingi, pande zote nne, na kupima pengo kwa nyembe. Mota ilikuwa imekaa chini kuliko kompresa. Ilibidi niinyanyue kwa vibati chini ya miguu yake.

Vibati nilikuwa navyo, nimevikata kwenye makopo ya mafuta ya mgao. Kambini kopo lile ndilo taa, ndilo kikaango, ndilo mlango. Nikapanga vinne vinne kila mguu, nikakaza. Chini ya rula hata mwanga haukupita. Nilijipongeza peke yangu kama mjinga.

Asubuhi ya pili unga mweusi wa mpira ulikuwa umetapakaa sakafuni kama majani ya chai. Nilizima, nikafungua miguu ya mota, nikaona. Vibati vilikuwa bado na rangi ya kiwandani. Joto na mtetemo vilikuwa vimeiponda rangi, kibati kwa kibati, na mota ikashuka. Uvira ningemfukuza mwanafunzi kwa kosa hilo. Lakini makopo yale tulikuwa tumeyaishi mno, rangi yake sikuiona tena. Nilikaa sakafuni nikalia, sitadanganya.

Msimamizi aliniruhusu kurudia, ila hesabu ianze upya. Nilikwangua kila kibati kwa wembe mpaka vidole vikatoka damu, nikaviosha kwa petroli, nikapanga tena. Siku tatu sikutoka pale. Ningeweza kwenda kumchukua mke wangu, nikaogopa mashine itasimama nikiwa sipo.

Haikusimama. Nikapewa ufunguo.

Nilifika Dzaleka mchana na kumkuta mkunga ameketi mlangoni kwangu. Hakuinuka. Aliniambia uchungu ulimshika mke wangu jana, wakampandisha kabaza, mtoto akazaliwa kando ya barabara kuu, wakisubiri gari. Mtoto hakulia. Ningekwangua rangi mara ya kwanza, jana hiyo tungekuwa tumeshahamia chumba kile.

Mke wangu alikuwa amelala, uso ukutani. Niliuweka ufunguo juu ya mkeka, kando yake. Aligeuka, akautazama, hakuugusa.

"Papa, na ile mashini," akauliza, "iko natembea?"

"Iko natembea," nikamjibu.