Inchi Nne za Pikapu Yangu

Msimlaumu fundi. Alinishauri niinue pikapu inchi mbili tu, na tairi nisizidishe sana. "Hizo zakutosha kwa njia ya Ganze, bwana." Nikamwambia atie inchi nne, na tairi kubwa kuliko zote alizonazo.

Ukweli ni kwamba nilitaka nikipita Malindi watu wageuze shingo. Lakini mke wangu, Kadzo, aliponiuliza sababu, nikamjibu kwa upole, "Ni kwa ajili ya mamako. Yale mawe ya kwao yanamchosha." Kadzo alifurahi hata akampigia mamake simu papo hapo.

Jumamosi tukaenda Ganze kumchukua mama mkwe, tumpeleke harusini Matsangoni. Majirani walitoka kulitazama gari, nami nikavimba kichwa. Mama akakaza leso, akainua mguu. Haukufika. Wakamletea kinu, wakakipindua akipande. Bado. Kadzo akamsukuma kutoka chini mpaka leso ikataka kufunguka.

Mwenye nguvu pale nilikuwa mimi. Lakini kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata mkono hampi. Basi nikasimama nikiangalia tairi zangu, kana kwamba ndio kwanza naziona.

Mama akashuka kinuni, akajitengeneza leso. Hakunitazama.

"Mkwe," akasema, na majirani wote wakasikia, "naambiwa gari umeliinua kwa ajili yangu. Haya, na mimi ataniinua nani?"