Taa ya Mkwe kwenye Madigadi

Mume wangu alipenda taa kupita kiasi, na mimi nilimsema kwa hilo kila nilipopata nafasi. Miaka ile ya sabini tulikuwa tunaishi Nyasubi, pale Kahama. Yeye alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mimi nafundisha shule ya msingi, na mali yetu kubwa ilikuwa pikapu moja kuukuu aliyoinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama. Bodi ilikuwa imeoza, viti vimechanika, mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Mtu mwenye akili zake angeanza na mlango. Yeye alianza na taa. Alifunga mbili za njano chini ya bampa, za kuonea kwenye vumbi, tatu ndogo juu ya paa, na moja ubavuni ambayo sikuelewa ilikuwa inammulikia nani. Majirani waliliita gari la harusi. Jumapili baada ya misa alitandika gunia uani, akalala chali chini ya gari na bisibisi mdomoni, nami nikipita na ndoo nilimuuliza kama ameona huko chini chochote cha kutulisha.

Nayasema haya ili ijulikane nilikuwa upande gani.

Mama yangu alikuwa kijijini, mbele ya Ushirombo. Sisi ni Wasukuma, na wazazi wangu walihamia huko na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Baba alishafariki, mama akawa anaishi na kaka yake, yaani mjomba wangu. Macho yake yalififia taratibu mpaka akawa anatambua watu kwa sauti na ng'ombe kwa kengele. Muuguzi wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho, akipasuliwa anaweza kuona tena. Daktari wa macho alikuwa anafika kwa nadra sana kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Shinyanga, na tulipopata habari kwamba yupo, alikuwa amebakiza wiki moja tu. Angerudi lini, hakuna aliyejua.

Gari tulikuwa nalo. Tatizo lilikuwa dereva. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakiwa na neno wanalipitishia kwa mtu wa tatu. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na mama yangu alikuwa na heshima hiyo mpaka kwenye kucha. Kukaa mbele pamoja na mkwewe lilikuwa jambo lisilosemeka. Kwa hiyo Jumatatu ile tulimtandikia godoro nyuma kwenye bodi, chini ya turubai, mimi nikakaa naye, na mume wangu akaendesha peke yake kama aliyebeba magunia.

Hatukufika mbali. Barabara ilikuwa mbovu, injini inanguruma, na kila bati la lile gari linapiga kelele zake. Mama akabanwa na haja ndogo. Alivumilia, akavumilia, kisha akaninong'oneza. Nikagonga bati, nikaita, nikapiga ukelele, wapi! Nilipotaka kugonga paa juu ya kichwa cha dereva, mama akanishika mkono. Mkwe hagongewi kichwani, alisema, kwani ni punda? Mume wangu alipokuja kusimama mwenyewe ili aongeze maji kwenye rejeta, mambo yalikuwa yameshaharibika. Na hapo ndipo alipokosea. Alinisikia nalia huko nyuma, akasahau yote aliyofundishwa na wazazi wake, akaja mbio akafunua turubai ili asaidie. Akamwona mama, na mama, hata kwa macho yale, alijua ni nani aliyesimama pale, naye yuko na khanga iliyolowa.

Sijapata kuona aibu nzito kama ile. Mume wangu aliangusha turubai, akaenda kukaa mbali kwenye majani, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Mama hakulia. Aliniambia kwa Kisukuma, tena kwa upole, nimrudishe kwake.

"Mayu, mama yangu, daktari anaondoka Jumamosi," nikamwambia.

"Na aondoke. Nitakufa kipofu, lakini sitaaibika hivi mara ya pili."

Tukageuza gari. Kutoka kijijini kwa mama mpaka Nyasubi sikumsemesha mume wangu hata neno moja.

Kesho yake, Jumanne, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta uani, boneti iko wazi, waya zimetapakaa chini. Nilipandwa na hasira.

"Mama yangu anapofuka, wewe unachezea taa?"

Hakuinua kichwa. "Mama watoto, kila mtu hubanwa njiani. Kilichomwaibisha ni kwamba hakuwa na njia ya kunisimamisha. Mtu mzima, amezaa, amezika mume, amekaa kwenye gari la mkwewe na hawezi hata kusema simama. Mpaka binti yake apige mayowe! Nikimpa uwezo wa kulisimamisha gari mwenyewe, atapanda."

Sikumwamini, lakini niliweka vitabu vyangu chini nikabaki nimesimama pale.

Alikuwa amechukua tochi yetu iliyokufa, akaitoa kioo na matumbo yake yote, akabakiza mkono wenye swichi ya kusukuma kwa kidole gumba. Alisema mama amezoea tochi, hatahitaji kuiona ili aiwashe. Akapitisha waya ndani yake, akauvuta chini ya bodi mpaka mbele, akiufunga kila hatua kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, maana siku zile ukienda dukani kuuliza tepu ulichekwa. Taa aliing'oa ile ya ubavuni. Aliifunga juu ya madigadi ya mbele, upande wa kulia, uso wake ameugeuza nyuma, ikawa inamtazama dereva.

"Si ungeiweka ndani, karibu na usukani?"

Akanitazama kama niliyetukana. "Ndani? Mkwe hakai ndani na mimi."

Hakuwa anatania. Kwake yeye taa ile ilishakuwa sauti ya mama yangu, na sauti ya mama yangu mahali pake ni nje.

Tulipoiwasha kwa mara ya kwanza, jua liliimeza yote. Ungeweza kukodoa macho mpaka yakuume usijue imewaka au imezima. Akakaa chini akafikiri. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa, akalipaka masizi ya sufuria kwa ndani, akaivika taa kama kofia. Kisha akaniomba kikombe changu cha plastiki cha rangi ya chungwa. Nilikipenda kile kikombe, lakini nilimpa. Alikata kipande akakisugua kwa mchanga mpaka kikawa chembamba, akakiweka mbele ya globu, na hapo ndani ya lile kopo jeusi likaonekana duara la chungwa kama kiini cha yai la kienyeji, jua likiwa kali vilevile.

Jumatano tulizunguka Nyasubi nzima kuijaribu, mimi nyuma chini ya turubai, natafuta kumkamata. Nilisubiri barabara inyooke, nilisubiri apandishe mwendo, nilisubiri apite sokoni ambako nilijua angetaka kuwapungia watu, ndipo nasukuma swichi. Alisimama kila mara. Mara moja tu hakusimama, na tulipoangalia tukakuta globu imelegea kwa mtikisiko. Alikata kipande cha ndala akaibana nacho, haikulegea tena. Jioni ile nilimpikia kuku, na sababu sikuisema.

Alhamisi kabla jua halijapanda tulikuwa kijijini kwa mama. Mume wangu aliacha gari nje ya boma, akaenda kusimama ng'ambo ya zizi, ametugeuzia mgongo. Nikaingia, nikasalimia, nikampa mama ule mkono wa tochi, nikamweleza. Mjomba alisimama mbele ya gari kama shahidi.

Mama akasukuma swichi.

"Imewaka!" mjomba akapaza sauti.

Akairudisha.

"Imezima!"

Akawasha na kuzima mpaka mjomba akachoka kutangaza. Kisha akauliza, "Akiiona atafanya nini?"

"Atasimama, atashuka, atatembea kwenda mbele bila kugeuka, mpaka nimwite mimi."

"Na akigeuka?"

"Hatageuka, Mayu."

Aliipapasa swichi bila kuisukuma. Nilisikia ng'ombe wakisukumana zizini, na nilijua akisema hapana, basi, nitakuwa na mama kipofu na sina wa kumlaumu. Akanyoosha mkono nimwongoze kwenye gari.

Kijiji hakijapotea nyuma yetu, akasukuma swichi. Gari likasimama. Nikachungulia kwenye tundu la turubai nikamwona mume wangu anashuka, anatembea katikati ya barabara, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Umebanwa, Mayu?"

"Sina haja yoyote. Amegeuka?"

"Hajageuka."

"Mwache aende kidogo."

Tukamwacha. Alikwenda mpaka akawa mdogo, na vumbi la lori lililotupita likamfunika kabisa. Hakugeuka. Ndipo mama akasema nimwite. Mbele kidogo akasukuma tena. Na tena. Mimi nilianza kuchemka, nikamwambia tutachelewa, hospitali haitungoji sisi. Akaniambia nikae kimya, mambo hayo ni yake na mkwewe. Na kule mbele, mtu huyo ambaye nilimsimanga miaka yote, kila mara alikuwa anasimama, anashuka, anatembea, anangoja kuitwa. Hakupiga honi, hakukohoa, hakufunga mlango kwa nguvu. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya ndoa yetu, na siogopi kuliandika.

Baada ya Kahama mama alisukuma swichi mara moja, na safari hiyo alikuwa na haja ya kweli. Alishuka, akajisitiri majanini kwa nafasi yake, akarudi akapanda. Njia yote iliyobaki alilala usingizi, ule mkono wa tochi umekaa kifuani. Tulifika hospitali jioni. Daktari alimpasua Ijumaa, na Jumamosi akaondoka kama ilivyosemwa.

Mama alilazwa hapo siku nyingi, macho yamefungwa bendeji, mimi niko naye. Walipoyafungua hakusema anaona wala haoni. Walimpa miwani mizito kama vitako vya chupa, akaivaa, akaikunja, akaivaa tena. Nilimuuliza, akanijibu kwamba nisimharakishe. Nikaogopa. Niliogopa tumemtesa bure, na kwamba alikuwa ananificha.

Siku ya kutoka, mume wangu alikuja kutuchukua. Aliegesha nje ya geti, akaenda upande wa mbele, akainama nyuma ya boneti aliyoifungua bila sababu, ili mama apande kwa amani. Nilitaka kumshika mama mkono, akaukataa. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Akalizunguka upande wa nyuma polepole, akasimama, akainama, akasogeza miwani kwa kidole.

"Mwambie taa yake ya huku imepinda," akasema. "Hii nyekundu ya kushoto."

Nilitazama. Ilikuwa imepinda kweli, kiasi cha nusu kidole. Mimi mwenye macho mazima nilikuwa nimepita nyuma ya gari lile kila siku sijaiona.

Nikazunguka mbele nimfikishie mume wangu ujumbe wa mkwewe. Alikuwa ameshausikia. Ameegemea rejeta, bisibisi mkononi, analia.