Mita Mbili, Soketi Moja

Mita ya baba ya kupimia umeme ilikuwa ya njano, nzito, na kabla ya kupima ilibidi uzungushe kitufe uchague kiwango mwenyewe. Baba alinifundisha kuanza na kikubwa halafu kushuka. Mita yangu mpya, niliyonunua hapa Songea baada ya matanga yake, haihitaji hayo. Unagusisha nyaya, inachagua yenyewe, kioo kinawaka. Ni nyepesi mpaka unadhani ndani hamna kitu.

Niliinunua kwa kuwa niliamini ile ya zamani haifai tena, kama watu walivyosema kuhusu baba mwenyewe.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, jirani yetu wa hapa mtaani Lizaboni alimwita baba. Friji lake lilikuwa likiwaka na kuzima, na ndani kulikuwa na nyama ya sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Nilikwenda na baba. Akapima soketi, nami nikaona kwenye kioo: mia mbili themanini na nane.

"Umeme umezidi, mama. Chomoa, litaungua."

Akachomoa. Nyama ikaoza. Kesho yake akaleta fundi kijana wa sokoni, akatuita na sisi. Baba hakubeba mita yake. Ya yule fundi ikasoma mia mbili thelathini na moja, umeme wa kawaida.

"Mzee wangu, mia mbili themanini uliiota? Macho yamechoka hayo. Kapumzike ucheze na wajukuu."

"Sina wajukuu," baba alisema, na watu wakacheka.

Mimi niliiona ile namba. Ningeweza kusema. Lakini mbele za watu maneno hunikauka, na siku ile yalinikauka.

Njiani baba akaniuliza taratibu, "Hivi wewe uliiona?"

"Sikuangalia vizuri, baba."

Hakuuliza tena. Tulipofika nyumbani alifunga mita kwenye kitambaa, akaiweka juu ya kabati. Waliomletea redio azitengeneze aliwaambia macho yake hayaoni tena. Miezi michache baadaye tulimzika kwao, Madaba.

Juzi nilizijaribu mita zote mbili kwenye soketi yetu ya sebuleni. Mpya ikasema mia mbili ishirini na tisa. Ya baba, karibu mia tatu. Nikaifungua. Betri yake ya volti tisa ilikuwa imebaki na volti sita na kidogo. Nikanunua nyingine, nikaiweka, nikapima tena. Mia mbili ishirini na tisa. Zililingana kabisa; kumbe betri ikichoka, ile ya baba husoma juu kuliko ukweli. Alama ya betri kuisha hutokea pembeni mwa kioo, na kioo cha mita ya baba pembeni pale kiliungua zamani kwa chuma cha kulehemu nyaya, alama haionekani.

Macho yake yalikuwa mazima. Alisoma kilichoandikwa.

Nikairudisha mita ya baba kwenye kitambaa chake. Kisha nikaenda kwa yule jirani wa friji, nikamkuta anachambua maharage barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza habari ya betri, polepole, maana nikiharakisha nakwama. Nikamwambia na mimi niliiona ile namba, baba hakuota. Akaacha maharage.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Na baba yako alijua kwamba uliiona?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Hakunigombeza. Alisogeza ungo akanipa nafasi ya kukaa, lakini sikuweza kukaa.