Kaa Moja la Mehitable

"Nigawie kaa moja tu, Submit."

"Makaa yangu si sadaka. Yako yako wapi?"

"Nimetoka kuchota maji kisimani, narudi, meko yangu yamejaa maji. Na kisanduku cha jiwe la kuwashia moto nacho kimelowa chepechepe."

"Labda paa limevuja, mama," akasema Jabez, mabuti kayaelekeza motoni.

"Paa gani hilo, linavuja jivuni na kitanda linakiheshimu?"

Ndivyo walivyorushiana maneno, mjane Mehitable, na Jabez mwana wa marehemu mumewe, na Submit mke wa Jabez. Jina hilo, Submit, kwao maana yake ni Tii. Wazazi nao wana mizaha! Mwanamke yule hata usingizi ulimwita mara tatu ndipo aende.

Na baridi ya Massachusetts mwaka ule, usiniulize. Kivuli cha mtu kiliganda ukutani, mwenyewe akaenda zake bila kivuli.

Mehitable aliolewa na mzee Josiah nyumba ikiwa chumba kimoja na dohani ya kutolea moshi ubavuni, na mbwa mwitu wakinusa kizingiti. Mavuno yalipokubali wakajenga chumba cha pili upande wa pili wa dohani, meko mawili yakapeana migongo kama mke na mume walionuniana. Hapo alizika watoto wawili, akamlea Jabez asiye wake, akamfunga nepi. Sasa mzee amekufa, na kwa desturi ya pale mjane ana theluthi ya nyumba mpaka kufa kwake: chumba cha mashariki, zamu ya tanuri, na njia ya kisimani. Ilimradi akae humo. Na kukaa, kwa watu wale, ni moto. Meko baridi ni nyumba iliyohamwa. Wapimaji kutoka mjini walikuwa wakija siku hiyohiyo kumkatia fungu lake.

"Kaombe kwa jirani," akasema Submit, akikoroga maharage.

"Nitoke, wapimaji wakute chumba hakina mtu wala moshi? Mnaniona mjinga?"

"Tunakutakia mema, mama. Kwa dada yako hutakosa pa kulala."

"Kwa dada yangu watoto tisa wanalala kitanda kimoja, Jabez, na wa kumi hulala amesimama."

Akarudi chumbani kwake. Submit akacheka. Mara ukuta wa nyuma ya meko ukaanza kugongwa: ko, ko, ko.

"Amerukwa na akili," akasema Jabez.

Hakurukwa. Ukuta ule wa nyuma ya meko aliukandia udongo mwenyewe, kwa miguu yake, mwaka ambao chokaa ya magamba ya chaza iliwaishia. Alijua ni tofali gani limeshikwa na matumaini tu.

Tofali likaanguka, chubwi, ndani ya maharage. Nyuma ya ndimi za moto likachomoza koleo, likafumbua mdomo, likauma kaa, likarudi shimoni.

"Jabez! Mwizi! Anaiba moto!"

Jabez akazunguka mbio hadi chumba cha mashariki. Akamkuta mjane kapiga magoti, kaa limelala juu ya gome kavu la mti, anapuliza.

"Liweke chini, mama."

"Liko chini, mwanangu. Liko mekoni kwangu."

"Umetoboa dohani ya baba!"

"Nimetoboa upande wangu. Upande wako ulitoboka wenyewe."

Jabez akainua buti. Mehitable akatandaza kiganja juu ya kaa.

"Haya, kanyaga. Uanze na mkono uliokufunga nepi."

"Toa mkono."

"Sitoi."

"Mama, nakwambia toa..."

Mlango wa mashariki ukafunguka. Shemasi Obed, mkubwa wa wapimaji, akaingia na kamba yake ya kupimia, theluji tele kofiani. Akamtazama mjane, akalitazama buti lililokuwa bado hewani. Moshi mwembamba ulikuwa ukipenya katikati ya vidole vya Mehitable. Shemasi akaweka kamba chini, akavua glavu, akachuchumaa mekoni kuota moto.