Mlima wa Kichina Juu ya Ubao wa Mninga

Kosa langu la kipumbavu, na ninayo mengi, lilikuwa kumwambia balozi wa nyumba kumi kwamba sehemu bora ya ubao wangu ni ile ambayo sikuigusa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mtu wa mjini asiye na kazi ya kuonyesha alipakiwa kwenye lori akalime tumbaku upande wa Ipole. Mimi nilikuwa na elimu ya sekondari, kitanda kizuri, na mapenzi makubwa kwa kizingiti cha nyumba yetu ya mjini, mtaa wa Mtendeni. Hata Bukene, hapo jirani tu kwa treni, nilikuwa sijafika. Ili nisipakiwe, nikajitangaza fundi.

Ufundi wenyewe niliutoa kwenye kalenda ya Kichina niliyopewa na Mhindi wa duka la vitambaa: mlima, msonobari, mvuvi mdogo ndani ya mtumbwi, na katikati ukungu mtupu. Nilipasha spoku za baiskeli kwenye jiko la mkaa, nikaunguza mistari ile juu ya ubao wa mninga. Wiki tatu. Ukishachoma hufuti, ndiyo maana mvuvi wangu ana mikono mitatu.

Balozi alipokuja kunikagua, aliugeuza ubao akatazama hata mgongoni.

"Iliyobaki iko wapi?"

"Ndiyo hiyo yote, mzee. Wachina huacha patupu makusudi. Hapo ndipo penye kazi."

"Penye kazi ni pale ambapo hukufanya kazi?"

"Ee."

"Na huyu wa mtumbwini, anavua?"

"Amekaa tu, mzee. Anatafakari."

Nchi nzima imeshika jembe, mimi namletea kiongozi picha ya mtu aliyekaa! Haraka nikarudisha spoku motoni. Nikamchomea mvuvi jembe begani, kisha nikaujaza ukungu mahindi, mstari kwa mstari, hadi mlimani. Balozi alisubiri akinywa chai yangu, akauliza kama huyo bwana akilima mtumbwini hatautoboa.

Mwishowe akasema picha ameiona, sasa anataka shahidi. Akamwita jirani yangu, mama muuza vitumbua, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja. Nilimpa shikamoo ya unyenyekevu ambao hakuuzoea kwangu.

"Mama, huyu kijana anafanya kazi kweli?" balozi akauliza.

"Moshi nauona kila siku, balozi, kanga zangu zote zinanuka. Kazi ndiyo sijaiona."