Geti la Clarrie

Jua linachomoza juu ya mawe meusi ya volkano, na Noreen Pascall amechuchumaa mbele ya geti la chuma, mnyororo mkononi. Geti limefungwa. Halikupaswa kufungwa.

Noreen, mwenye miaka hamsini na nane, huwapeleka wageni kwenye mapango ya lava na kibanda cha magogo cha walowezi wa kwanza, nje kidogo ya mji wa Garrick Springs, Queensland. Njia ni moja tu, nayo inakatiza shamba la ng'ombe la Clarrie Dunstable, mzee wa miaka themanini na moja. Kibanda hicho alikijenga babu yake.

Sheria ya huku kila mtoto anaijua: geti uliache ulivyolikuta. Hili huachwa wazi kiangazi chote, maana maji ya ng'ombe yako upande wa pili. Mwezi uliopita mtu alilifunga, na ng'ombe kumi na mmoja wakafa kwa kiu.

"Ni hao watalii wako!" Clarrie alimfokea dukani mbele za watu. "Hawajui geti wala ng'ombe. Njia naifunga."

Mji mzima ulikubaliana naye. Hapa mgeni hukaguliwa namba ya gari kabla ya kujibiwa salamu. Mimi mwenyewe, niliyefuatana na Noreen asubuhi hii, nina miaka kumi na tisa hapa, na mwenye duka bado ananisindikiza kwa macho hadi mlangoni. Watu wa mji wakalishuku karavani jeupe, nyumba ya magurudumu ya watalii, lililotoka kusini. Noreen naye alilishuku, tena kwa kelele.

"Niliwafuata wale wenye karavani mpaka kituo cha mafuta nikawatukana," anasema. "Mama wa watu alilia. Nikikumbuka naona aibu."

Leo hakuna wa kumshuku. Tangu Jumatatu, Clarrie alipowakataza watalii njia, hajapita hata mmoja, na jana jioni geti lilikuwa wazi. Halafu kuna huu mnyororo: umeshikizwa kutoka chini kwenda juu. Watu wote wa huku huushikiza kutoka juu, isipokuwa mmoja aliyekatwa vidole viwili na kamba ya ng'ombe ujanani.

"Mkono wa Clarrie huu," ananong'ona, ingawa tuko peke yetu. "Maisha yake yote kazi ni kufunga mageti. Sasa mkono unafunga wenyewe, kichwa hakina habari."

Namuuliza kwa nini asimwambie. Ananikazia macho.

"Nimwambie nini? Kwamba ng'ombe wake kawaua mwenyewe? Wanawe wakisikia, shamba litauzwa na yeye atapelekwa nyumba ya wazee. Nikinyamaza, mimi sina kazi. Haya, chagua wewe."

Vumbi linatimka. Ni gari la Clarrie.

"Nani kafunga?" anauliza, hata kabla ya kushuka.

"Nimelikuta hivi."

"Unaona? Watalii wako!"

"Watalii gani, mzee? Si umewafungia njia mwenyewe?"

Clarrie anashuka. Anautazama mnyororo muda mrefu, kisha ananitazama mimi, na nakiri niliogopa kwamba lawama inanijia. Haiji.

"Fungua njia," Noreen anasema taratibu. "Ila uwe unapanda gari na mimi. Wageni wanataka habari za babu yako, nami nimechoka kuwatungia. Mageti tutashuka wote wawili."

"Unanichunga?"

"Nachunga kazi yangu."

"Mwongo wewe."

"Haya, nakuchunga."

Mzee anauchomoa mnyororo kwa vidole vyake vitatu, kutoka chini, na kulisukuma geti mpaka mwisho. Ng'ombe wanaanza kupita kwenda majini.

"Jumamosi nipitie mapema," anasema akiwa ametupa mgongo. "Na wale wa karavani jeupe, watafute. Waambie hawakuwa wao."

Noreen anasubiri gari liondoke ndipo afute macho. Anapanga kuwaalika warudi, safari iwe ya bure.

"Lakini watakaa nyuma," anasema. "Kiti cha mbele kina mwenyewe."