Kesi ya Ng'ombe wa Kengeja

Juzi wanafunzi wa skuli moja ya mjini Chake waliigiza kesi ya zamani, wapate kujifunza sheria. Katika kesi hiyo, mtu wa kijiji cha Kengeja alifungwa kwa kuiba ng'ombe.

Hakimu wa mchezo alipotamka kifungo, bibi mmoja kati yetu watazamaji alisimama, akalitengeneza buibui lake.

"Bwana Hakimu, huyo mliyemfunga ni marehemu mume wangu. Usiku ule wa wizi alikuwa kalala nyumbani, ana homa. Nikimuuguza mimi."

Mwalimu akamwambia taratibu, "Bi, huu mchezo tu. Kesi yenyewe ilikwisha."

"Najua, mwanangu. Lakini siku ile sikuulizwa."

Hakimu alimtazama mwalimu; mwalimu akatutazama sisi. Mwishowe hakimu akasema, "Bi, njoo uape."

Akaapa, akaeleza, na mshitakiwa akaachiwa. Tukapiga makofi.

Bibi akamgeukia mwalimu. "Sasa niwaambie watu wa Kengeja kuwa si mwizi?"

 Nami, mwandishi wa safu hii ya kila wiki, nimelileta swali lake kwenu.